Mguu Hauuzwi Dukani: Kuchagua Vazi la Kukinga Miguu kwa Kazi ya Msumeno wa Injini

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru)



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja. Tunajua wengine wameacha ng'ombe hajakamuliwa na wengine wamefunga vibanda, kwa hiyo hatutawachosha.

Mada ya leo imetoka kwenu wenyewe. Vikundi kadhaa vimetujia kuuliza juu ya kununua msumeno wa injini, ule ambao mafundi wetu wanauita pawasoo. Vingine vimeshanunua. Mmetuuliza bei ya mashine, petroli inayokunywa, na miti inayoweza kukatwa kwa siku moja. Hayo ni maswali mazuri ya watu wanaopanga. Lakini hakuna kikundi hata kimoja kilichouliza yule atakayeishika mashine hiyo atavaa nini miguuni. Basi leo tutaongea juu ya miguu.

Neno letu ni moja, na mkisahau mengine yote mlishike hili: msumeno na vazi la kukinga miguu vinunuliwe pamoja, viwekwe pamoja, na vitoke stoo pamoja. Vazi likiwa halipo, mashine nayo haitoki.

KWA NINI SASA?

Tazameni mazingira yetu. Huku Ruiru mashamba mengi ya kahawa yamegawanywa kuwa ploti, na kila anayejenga anakuta miti iliyopandwa zamani kwenye mpaka: mikima, mikaratusi, miparachichi mikubwa. Huku upande wa Thika watu wanapunguza matawi ya mikima ili kahawa ipate jua, wanapasua kuni, wanakata mti ulioegemea nyumba kabla ya mvua ya masika. Zamani kazi hii ilifanywa kwa shoka na msumeno wa watu wawili. Leo mwenye nyumba anapiga simu, kijana anakuja na mashine nyuma ya boda boda, na kazi ya siku mbili inakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Na kijana huyo anakuja amevaa nini? Mmemwona wenyewe. Suruali ya jinzi iliyochanika magotini, na akala au sandarusi. Akiwa amejitayarisha sana, amevaa gamubuti.

Tulipata kukaa na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa akikata tawi la mkima kwa jirani, kazi ya kibarua ya siku moja. Msumeno ulimaliza tawi ghafla, ukashuka kwa uzito wake wote hadi kwenye paja la kushoto, juu kidogo ya goti. Kijana alipona, tunashukuru. Lakini alikaa miezi mingi bila kufanya kazi, na karo ya dada yake ilikuwa ikitoka mikononi mwake. Tena kukazuka ugomvi. Mwenye mti alisema, mimi nilikodi fundi, sikukodi mgonjwa. Mwenye mashine alisema, mimi niliazima mashine tu. Fundi hakuwa na kitu. Mwishowe waliolipa ni mama yake na majirani waliochanga. Hayo ndiyo tunayotaka yasirudi kwenye vikundi vyetu.

MNYORORO UNAKWENDA KASI GANI?

Msumeno huu una bapa la chuma, na kwenye ukingo wa bapa unazunguka mnyororo wenye meno. Ukikaza mafuta, mnyororo unaweza kukimbia mita 20 kwa sekunde, na mashine nyingine zaidi ya hapo. Mita 20 kwa sekunde ni sawa na kilomita 72 kwa saa. Matatu hairuhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo fikirini meno makali yanayopita mbele ya goti lako kwa mwendo unaokaribia ule wa matatu kwenye barabara kuu ya Thika.

Hesabu nyingine: katika sehemu ya kumi ya sekunde moja, yaani kabla hujapepesa jicho, mita mbili za mnyororo zimeshapita mahali pamoja. Hakuna mtu mwepesi wa kuondoa mguu kwa wakati huo. Msituambie, "Huyu ni fundi mzoefu." Uzoefu unapunguza ajali, lakini haumfanyi mtu awe na kasi kuliko mnyororo.

Miguu na mikono ndiyo inayoumia mara nyingi katika kazi hii, na kwa upande wa miguu, wa kushoto ndio unaoumia zaidi. Sababu ni hii. Mkono wa kulia unashika nyuma kwenye kishikio cha mafuta, mkono wa kushoto unashika mbele, na mguu wa kushoto mara nyingi umetangulizwa. Tawi likikatika ghafla, msumeno unashuka na kukuta paja au goti la kushoto. Na ndani ya paja umepita mshipa mkubwa wa damu. Ukikatwa huo, mtu anaweza kuisha damu katika dakika chache, kabla gari halijapatikana.

VAZI HILI LINAFANYAJE KAZI?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunafikiri vazi la kukinga msumeno ni kitu kigumu, kama bati au ngozi nene, ambacho meno hayawezi kukipenya. Hapana. Meno ya msumeno yanapenya vitu hivyo vyote.

Mmewahi kuona leso ya mama ikinaswa kwenye mnyororo wa boda boda au kwenye spoku za baiskeli? Leso ni kitambaa chepesi tu, lakini ikishajizungusha mle ndani gurudumu linakwama. Vazi la kukinga miguu linatumia njia hiyo hiyo. Nje kuna kitambaa cha kawaida. Ndani kuna tabaka kadhaa za nyuzi ndefu, ngumu na zilizolegea, za nailoni, poliesta au aina nyingine imara zaidi. Meno yakichana kitambaa cha juu, yanazivuta zile nyuzi. Nyuzi zinakwenda na mnyororo hadi kwenye lile gurudumu dogo linalouzungusha, zinajaa pale, na mnyororo unasimama. Yote hayo yanatokea haraka sana, na injini inaweza kuwa bado inanguruma.

Kwa hiyo kinga iko ndani. Usichague kwa kuangalia unene wa nje wala rangi yake.

VITU AMBAVYO SI KINGA

Tuvitaje wazi, maana watu wanadanganyana:

1. Jinzi mbili zilizovaliwa pamoja. Zinachanika kama moja.
2. Aproni ya ngozi ya fundi wa kuchomelea vyuma. Ile ni kinga ya cheche za moto. Ngozi inakatwa na haina nyuzi za kusimamisha mnyororo.
3. Gamubuti ya kawaida. Inafaa kwa matope na kukamua ng'ombe. Mpira haumsumbui msumeno.
4. Gunia, turubai au mpira wa tairi vilivyoshonwa kwa mbele.

Hili la nne tuliseme kwa heshima, kwa sababu vikundi vya kina mama vina mafundi cherehani hodari, na tulijua mtasema, "Si tushone wenyewe, tuuze hata kwa wengine?" Mnaweza kushona sare za shule na mapazia. Vazi hili msilijaribu. Nyuzi zake zinapangwa kwa namna maalumu ili zilegee na kuvutika, na kila aina inapimwa kwenye mashine kwa mnyororo unaozunguka kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Gunia lililoshonwa likakazwa halivutiki. Tena ni hatari zaidi kuliko kutovaa kitu, kwa sababu mtu atajiona yuko salama na kukaribia kule asikostahili.

JINSI YA KUSOMA LEBO

Ukifika dukani, usianze na bei. Pindua vazi utafute lebo. Mavazi yaliyopimwa kwa utaratibu wa Ulaya yana picha ndogo ya msumeno wa injini na nambari. Nambari ya zamani ni EN 381-5. Ile ya siku hizi ni EN ISO 11393-2. Yale ya utaratibu wa Marekani yanaandikwa ASTM F1897. Kama hakuna picha wala nambari, mwambie mwenye duka asante, uende zako. Maneno kama "kazi nzito" au "imara sana" yasikubabaishe. Ni ya kuuzia tu.

Karibu na picha ya msumeno, kwenye mavazi ya Ulaya, utaona daraja. Daraja linaonyesha kasi ya mnyororo iliyotumika katika kupima:

Daraja 0: mita 16 kwa sekunde.
Daraja 1: mita 20 kwa sekunde.
Daraja 2: mita 24 kwa sekunde.
Daraja 3: mita 28 kwa sekunde.

Kitabu cha mashine mara nyingi kinaandika kasi ya mnyororo wake. Beba kitabu hicho uende nacho dukani, ulinganishe. Kwa mashine ndogo za nyumbani wengi wanatumia daraja 1, lakini kama mashine yenu ina kasi zaidi, tafuteni daraja la juu. Mkumbuke pia kwamba nguo ya daraja la juu ni nzito na ina joto. Nguo inayomchemsha mtu ataivua saa nne asubuhi na kuitundika kwenye mti, na hapo pesa zenu zimepotea. Chagueni daraja linalotosha mashine yenu, halafu mpange kazi nzito ifanywe asubuhi na mapema.

Kuna pia herufi. A ni vazi linalokinga mbele ya miguu. B ni kama A, lakini limeongezewa kinga kidogo upande wa ndani wa mguu wa kushoto. C linazunguka mguu mzima, mbele na nyuma.

Hapa kuna jambo litakalowashangaza. Mtu angefikiri kinga ya mguu mzima ni ya wale wanaoshinda msituni kila siku, na mtu wa nyumbani anayekata mti mara mbili kwa mwaka inamtosha ya mbele. Idara ya usalama kazini ya Uingereza inapendekeza kinga ya mguu mzima kwa watu wanaotumia msumeno mara moja moja, kama wakulima. Ukitafakari utaona maana yake. Asiyezoea anasimama vibaya, anageuka ovyo, anashika mashine kwa njia ambayo fundi wa kila siku hawezi. Mguu wake unaweza kuguswa upande wowote.

APRONI AU SURUALI?

Mavazi haya yako ya namna mbili. Kuna suruali kamili, na kuna aproni ya miguu inayofungwa kwa mikanda juu ya suruali yako ya kawaida. Wauzaji wanaiita chapsi. (Si chipsi, jamani, msicheke.)

Suruali inakaa vizuri mwilini, na mikanda haining'inii kunasa matawi. Ubaya wake ni kwamba ni ya mtu mmoja. Mliyomnunulia mtu mrefu, mfupi ataikanyaga. Inafaa fundi anayefanya kazi hii kila siku.

Aproni inarekebishwa kwa mikanda, kwa hiyo wanachama wanaweza kupokezana. Inavaliwa na kuvuliwa upesi, na hewa inapita nyuma. Ubaya wake ni kwamba nyingi zinakinga mbele tu, na zisipofungwa vizuri zinazunguka mguu na kuacha goti wazi.

Ushauri wetu kwa vikundi ni huu. Kama pesa zinatosha, tafuteni inayokinga mguu mzima. Kama hazitoshi, aproni ya mbele yenye lebo ni afadhali mara nyingi kuliko kukaa na jinzi mkingoja pesa za suruali. Lakini mkiwa na aproni ya mbele peke yake, kazi yenu iwe ya chini, ukiwa umesimama imara. Kupanda juu ya mti na msumeno wa injini ni kazi ya mtu aliyefundishwa, mwenye kamba zake na kinga ya mguu mzima. Kikundi kisimtume mwanachama juu ya mti.

IKAE VIPI MWILINI?

Mwambieni atakayefanya kazi ajaribu vazi mwenyewe. Msimnunulie kwa kukisia. Kisha angalieni haya:

Kwanza, urefu. Kinga ianze juu ya paja karibu na kiuno, ifike chini hadi juu ya kiatu. Kama muundi unaonekana akipiga hatua, ni fupi.

Pili, achuchumae na kuinua goti. Vazi lisipande na kuacha muundi wazi, wala lisimbane hadi ashindwe kutembea.

Tatu, vifungo vyote vifungwe, hata vile vya chini kwenye muundi. Wengi wanafunga cha kiunoni na cha paja, halafu wanaacha vya chini vikipepea.

Nne, msipeleke suruali ya namna hii kwa fundi akaipunguze. Ukikata pindo umekata zile nyuzi, na ukipitisha cherehani katikati umezishikisha zisiweze kuvutika tena. Mahali hapo hapana kinga.

Tano, viatu. Kuna buti za kazi hii zenye picha ile ile ya msumeno. Msipozipata, buti ya ngozi yenye chuma mbele na soli inayoshika ardhi ni afadhali kuliko gamubuti. Akala zibaki nyumbani.

KAMA NI MTUMBA

Tunajua wengi wetu tutatafuta kwanza mtumbani. Hatuwakatazi. Mavazi haya yanaweza kuja pamoja na nguo nyingine za kazi kutoka Ulaya. Lakini mkague kama mnavyokagua ng'ombe wa kununua:

Lebo ipo na inasomeka? Isiposomeka, acha.
Kuna mchaniko uliofika ndani, nyuzi nyeupe zikichungulia? Acha. Vazi lililokwisha kukatwa limemaliza kazi yake.
Kuna mahali paliposhonwa kwa cherehani kupita tabaka zote? Acha.
Ukipapasa paja na goti, unene ni sawa pande zote, au ndani pamejikusanya mabonge? Mabonge ni dalili ya nyuzi kuhama au kuungua.
Inanuka petroli na kukakamaa kwa oili? Nyuzi zilizogandana hazivutiki.

Kumbukeni, rahisi ni ghali. Vazi bovu la bei ya chini ni pesa mlizotupa, na juu yake mmeongeza gharama ya hospitali.

KULITUNZA

Vazi hili halitaki mambo mengi. Lioshwe kwa maji yasiyo moto na sabuni ya kawaida, kama lebo inavyosema. Jiki na dawa nyingine za kung'arisha nguo zinadhoofisha nyuzi. Lianikwe kivulini, lisiwekwe karibu na jiko wala kupigwa pasi, kwa sababu nyuzi za aina hii zinayeyuka kwa joto. Unapojaza petroli, fanya hivyo mbali kidogo usilimwagie.

Likikatwa na msumeno hata mara moja hadi ndani, lisitumike tena. Msiseme, "Limekatwa paja la kushoto, tutalitumia na la kulia." Likatekate vipande kabla ya kulitupa, ili asije mtu akaliokota na kuliuza kwa mwingine.

Jambo jingine, maana siku hizi misumeno ya stima na ya betri inauzwa hapa mjini. Msidhani kwa kuwa haina moshi haikati. Mota ya umeme ina nguvu hata inapozunguka polepole, kwa hiyo inaweza kuendelea kuvuta mahali ambapo ya petroli ingekwama. Vaeni vazi lile lile, lakini jihadharini zaidi.

NANI ANUNUE?

Sasa tufike mahali penye ugomvi. Mwenye mti anasema ni la fundi. Fundi anasema ni la mwenye mashine. Mwenye mashine anasema ni la fundi.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mahali popote ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda mfupi au kwa kudumu. Inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vazi la kujikinga linalofaa, na inamtaka mfanyakazi alivae. Basi usijifiche nyuma ya neno "kibarua". Wala fundi asiseme, "Mlininunulia lakini lina joto." Kila upande una wajibu.

Mambo haya hayadaiwi hapa kwetu peke yake. Marekani, kanuni ya kazi za kukata miti iliyotolewa mwaka 1994 inataka anayetumia msumeno wa injini kazini awe na kinga ya miguu. Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa mwongozo wa usalama wa kazi za misitu mwaka 1998. Paja la fundi wa Gatuanyaga halina tofauti na paja la fundi wa Ulaya.

Kwa kikundi chenye mashine, njia iliyo rahisi ni hii. Hesabuni bei ya msumeno pamoja na bei ya vazi, kofia na miwani kuwa bei moja. Kama watu 20 wanachanga shilingi 50 kila wiki, kwa wiki 10 mna shilingi 10,000. Ulizeni bei ya leo katika maduka mawili au matatu, mjue mchange wiki ngapi. Mkishaanza kukodisha, tengeni kiasi kidogo katika kila kazi kwa ajili ya vazi litakalofuata, maana nalo linazeeka.

Katika daftari la kukodisha, mwekahazina aandike vitu viwili kwenye mstari mmoja: "msumeno, na vazi." Anayekuja kuchukua mmoja bila mwingine arudi mikono mitupu. Hata akiwa mwenyekiti. Na hasa akiwa mwenyekiti, kwa sababu wengine wanamtazama yeye.

Kwa mwenye nyumba asiye na kikundi: kabla ya kupatana bei na fundi, muulize, "Vazi lako liko wapi?" Fundi aliye nalo akitaja bei ya juu kidogo, usimkimbilie wa akala. Huyo wa akala amekupunguzia bei kwa kuweka rehani mguu wake.

VAZI LINA MIPAKA

Tusidanganyane. Vazi hili halimgeuzi mtu kuwa chuma. Linapunguza jeraha, na mara nyingi linalizuia kabisa, lakini msumeno wenye kasi kubwa au unaokandamizwa kwa nguvu unaweza kulipita. Tena halizuii tawi kuanguka kichwani, wala msumeno kuruka usoni. Kwa hiyo kofia ngumu, miwani na kinga ya masikio viwepo. Breki ya mnyororo ifungwe unapotembea kutoka mti hadi mti. Mtu asikate peke yake. Awepo wa pili, mbali na mashine, mwenye simu iliyo na chaji na anayejua gari litapatikana wapi.

Ajali ikitokea, zimeni mashine kwanza. Kandamizeni jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi na msiachilie. Kama damu inaruka na haikubali kusimama, fungeni kitambaa kipana juu ya jeraha, kati ya jeraha na kinena, mkaze kwa kijiti hadi damu ikome. Andikeni saa mliyofunga, na msifungue njiani. Mkimbizeni hospitali ya karibu. Ruiru kuna hospitali, na Thika kuna Level 5. Msimpeleke nyumbani kwanza kubadilisha nguo.

Kuhusu bima, tangu Oktoba 2024 mchango wa afya unakwenda SHA, mahali pa NHIF ya zamani. Jiandikisheni. Lakini jueni kwamba bima ikilipa kitanda, hailipi siku ambazo shamba halikulimwa.

TUMALIZIE

Wakati mwingine watu wanatuambia, "Nyinyi wa ofisi ya maendeleo mnapenda kutuongezea gharama." Tunaelewa. Shilingi ni ngumu kupatikana. Lakini mmekuja kwetu kwa sababu mnataka mashine iwaletee mapato. Mashine ikiharibika kuna spea Thika mjini. Mguu hauna spea huko wala kwingine.

Tunaomba kila kikundi kiketi mwezi huu, kijadili maswali haya, na katibu aandike majibu:

1. Katika kijiji chetu ni nani wanaotumia msumeno wa injini? Wanavaa nini miguuni?
2. Kama kikundi kina mashine, vazi lake liko wapi leo? Nani alilikagua mara ya mwisho?
3. Tukikodi fundi na akaumia, tumekubaliana nani atafanya nini? Je, tumeandika?
4. Tutachanga kiasi gani, kwa wiki ngapi, ili tupate vazi lenye lebo?
5. Nani kati yetu anajua kuzuia damu? Kama hakuna, tumwite nani atufundishe?

Mtuletee majibu yenu katika mkutano ujao. Kikundi kitakachokuwa kimenunua vazi, kije nalo, tulipitishe mkono kwa mkono ili wengine waone lebo na wapapase zile tabaka za ndani. Na kama kuna aliye na vazi la zamani lililokatwa, asilitupe bado. Alilete tulifungue mbele ya watu, ili kila mmoja azione zile nyuzi kwa macho yake.

 Sasa tunywe chai, halafu maswali.